Zote Nane

Mwaka ule swichi ilisoma megabiti mia,
na mia zilitosha. Waya nne tu kati ya nane
ndizo zilizobeba kazi: chungwa na mwenzake, kijani na mwenzake.
Bluu na kahawia zililala ndani ya ganda
kama wageni wa harusi walioambiwa wangoje sahani.

Tulikuwa darini, ofisi ya mizigo, stesheni ya Tabora,
mavi ya popo yakituingia kwenye kola,
Misigalo mbele kwa magoti, mimi nyuma na tochi mdomoni.
"Kalunde," akasema, "bana zote nane."
"Nne hazina kazi, fundi."
"Hazina kazi leo."

Huko Cheyo, Ndokeji alipasua kebo moja
akahudumia kompyuta mbili,
akalipwa mapema, akanunua pikipiki.
Sisi tulirudi nyumbani na malengelenge ya koleo.

Kisha kiwango kikapanda. Gigabiti,
inayotaka jozi zote nne ziseme pamoja,
kwenda na kurudi humo humo, na zisikilizane.
Pale stesheni nilibadilisha swichi tu.
Taa ya njano ikawa kijani.
Sikuvuta hata futi moja ya waya.
Kwa Ndokeji walibomoa dari.

Nilikwenda Kitete, wodi ya wanaume, nimpe habari.
Alisikiliza macho yamefumba, halafu akauliza:
"Na ile kona ya chumba cha simu, niliyoikunja mno?"
Inapita vizuri, nikasema.
Haikuwa kweli. Ile ilikuwa bado inasoma mia.

Sasa wameleta swichi ya gigabiti mbili na nusu,
na karatasi yake inaapa kwamba shaba ya zamani itaiweza.
Ng'ambo ya dirisha tuta la reli mpya linang'aa kokoto;
reli ya mita moja haikukubali kutanuliwa,
ikabidi ardhi nyingine ikatwe, na mikorosho ya watu.

Leo nimepanda darini peke yangu.
Popo ni walewale, au wajukuu wao.
Kwenye boriti, juu ya ile kona,
kuna mwandiko wake wa penseli: *zote 8*.
Na chini, herufi ndogo, kama za mtu asiyetaka kusomwa:
*samahani, nafasi ilikuwa finyu.*

Nimeweka tochi mdomoni.
Naikunjua taratibu.