Mtulinga

Kwenye ukuta wa maabara yetu, Upanga,
juu ya sinki linalovuja tangu mwaka juzi,
amening'inia Joachim Rethel.
Si yeye, mchoro wake: mtu asiye na ngozi
amesimama kilimani, mkono kiunoni,
kama anayesubiri chenji.
Wanafunzi humwita Bwana Bucha.

Rethel alikuwa mtoto wa kinyozi, Mjerumani,
miaka mia tano iliyopita, kasoro kidogo.
Mji wao ulinyonga wezi siku za Ijumaa;
Jumamosi alfajiri alikuwa langoni na toroli,
majira ya baridi tu, maana kiangazi
nyama haimngojei msomi.
Alichora kwa mshumaa, kitambaa puani.
Mkewe alimhamishia kitanda ghalani.
Kila mchoro aliutia sahihi, kubwa, yenye mikia.
Aliyelala mezani hakuandikwa jina.

Sisi tuna feni mbili na formalini,
na joto la Machi linatupanda shingoni.
Wetu huitwa Namba Saba, Namba Tisa.
Usiniulize ni nani.
Rejesta inasema: hakuna aliyekuja.

Jana nilifungua bega la Saba.
Mtulinga wa kulia mnene, umepinda,
ulivunjika zamani ukajiunga wenyewe, vibaya,
na juu umelika kama kizingiti cha duka la kale.
Nikainua macho ukutani.
Na yule wa kilimani, begani palepale!
Miaka ishirini namfuta vumbi, sijaona.
Chini yake Rethel aliandika kwa Kilatini
(Daktari Mwaimu alinifasiria kabla hajastaafu):
Hapa maumbile yalikosea.

Maumbile!
Baba yangu alishusha mizigo Kariakoo,
mchele, sukari, saruji, bega lile lile,
usiku mama akimkanda kwa maji ya moto na chumvi,
na kidole changu kilijua pale pa kubonyea
kabla sijajua kusoma.
Ulikuwa na kisu kikali, fundi Joachim.
Ulihesabu misuli yote ya shingo, hukuruka hata mmoja.
Lakini hukuwahi kubeba.

Leo asubuhi, darasa halijaingia,
nimepanda stuli na penseli.
Ni nakala tu, msajili hatajua.
Nimeyakata maneno yake, nikaandika juu:
gunia.

Jina sikuwa nalo.