Daftari la Wiki Kumi na Mbili

Wiki ya kwanza niliandika kwa wino mwekundu:
Mwanakheri Shee, miaka kumi na minne,
ngazi ishirini na mbili za nyumba yao, Mkomani;
apumzika mara mbili, kiganja ukutani.
Nikamshika kifundo cha mkono, nikahesabu.
Moyo ulipapatika kama kuku tengani.

Mwalimu Bwanaheri hakuja na mashine.
Alikuja na firimbi, kamba za katani,
na tairi chakavu la trekta la baraza.
Siku tatu kwa wiki, baada ya alasiri,
uwanja wa shule ulinuka vumbi na jasho changa.
Wasichana walitaka faragha;
tukawazungushia ua wa makuti,
tukasikia kamba tu, tap, tap,
na kicheko cha aliyejikwaa.

Siku ya pili Athmani alitapika wali wote wa mchana.
Wiki ya nne Fumo aliacha.
Nasikia sasa ana pikipiki,
hata chumvi ya dukani huitilia ufunguo.

Wiki ya kumi na mbili
mama Mwanakheri alisimama mbele ya mizani,
buibui limemtanda, macho makali:
"Kilo ni zile zile! Hata nusu haikushuka!
Basi mwanangu mlimkimbiza kwa nini?"

Sikuwa na jibu la haraka.
Nilimwambia, "Lete vidole vyako, bibi.
Weka hapa. Usibonyeze sana. Hesabu."
Akahesabu, midomo ikicheza kimya kimya,
dakika nzima, kama anayevuta uradi.
Sabini na sita.
Nikamfungulia ukurasa wa kwanza: tisini na nane.

Mizani hupima mzigo;
haimpimi mpagazi.

Hakusema kitu. Alimtazama binti yake
aliyekuwa akifunga kamba za viatu,
kisha akauliza, kwa sauti ya kununua samaki,
"Na hizo kamba, huuzwa wapi?"

Mradi umekwisha. Tairi limebaki uwanjani,
mbuzi hulala ndani yake.
Jioni bado nasikia tap, tap,
darini kwa kina Shee.

Na mimi muuguzi, mwenye vidonge vya presha
ndani ya kopo la kahawa,
jana nilipanda ngazi zangu nikizihesabu.
Kumi na nne. Nikauegemea ukuta.
Nikafungua daftari, chini ya jina la Fumo,
nikaandika la kwangu.
Wino mwekundu.