Sare ya Kumi na Mbili

Ujumbe uliingia saa mbili usiku, nikimenya kitunguu:
"Wapendwa, sare ni elfu arobaini na tano,
rangi ya mtindi na dhahabu,
mwisho Ijumaa. Atakayechelewa asitulaumu."
Chini yake Zamda, mweka hazina,
kaweka orodha ya waliokwisha kulipa.
Jina langu halimo.

Feni ya chumbani ilikuwa imekufa tangu Jumapili.
Februari ya Tandika haina huruma:
ukuta unatoka jasho, shuka linakuganda mgongoni,
mwanangu Nasri analala sakafuni
kama samaki aliyeanikwa.

Nikafungua kabati, natafuta hela niliyoificha
kwenye mfuko wa koti.
Zikanidondokea sare.

Ya zambarau, harusi ya Tatu, binti wa Yombo.
Ya bluu, kichenpati ya Mwasiti.
Ya chungwa siikumbuki ilikuwa ya nani,
nakumbuka tu wali ulichelewa.
Ya pinki imenibana kwapa tangu siku ya kwanza.
Ya kijani, yenye ua la uzi mkononi, ya Hidaya:
ndoa ilidumu miezi tisa,
kitambaa hakijapauka hata kidogo.

Kumi na moja.
Kila moja nimeivaa mara moja,
nikapigwa picha, nikala, nikarudi.
Poliesta haiozi. Dampo la Pugu
litazitunza kuliko nilivyozitunza mimi.
Nikaanza kuzidisha, kumi na moja mara elfu arobaini,
nikaishia njiani.
Hesabu nyingine mtu huzimaliza akiwa amekaa.

Asubuhi nikaibeba feni hadi kwa Kobelo,
uchochoroni, nyuma ya mashine ya kusaga.
Meza yake imejaa pasi zisizo na waya,
redio bila sauti, blenda iliyopasuliwa tumbo.
Akayazungusha mapanga kwa kidole, akatega sikio.
"Haijafa hii. Kapasita tu. Elfu nne, na soda."
Nikamwambia dukani wamesema ninunue mpya,
za siku hizi hazitengenezwi.
Akacheka, bisibisi ingali mdomoni:
"Muuza majeneza naye,
umewahi kumsikia akimwombea mgonjwa apone?"

Nikamwandikia Zamda: safari hii sichangii sare.
Nitaleta mchele kilo tano, nitakuja na nguo yangu.
Akasoma. Kimya.
Kisha: "Dada, una shida? Tukukopeshe?"
Nikaandika, nikafuta, nikaandika:
"Sina shida. Nina nguo."

Siku ya siku, ukumbi mzima ulikuwa bakuli la mtindi,
na mimi katikati,
jani la mchicha lililodondokea humo.
Macho yakanipanda, yakanishuka.
Mpiga picha akaniomba nisogee pembeni kidogo, mama,
pembeni tena.
Sitasema sikuumia. Niliumia.
Macho yale nayajua, niliwahi kuwa nayo.

Ndipo Hidaya akaja na sahani yake,
akashika mkono wa gauni, akalipapasa lile ua.
"Hii si yangu?"
Moyo ukanidondoka. Nimefanya nini,
kumtembezea mtu kaburi lake ukumbini?
Akatafuna. Akameza.
"Mimi yangu niliipigia deki mpaka ikaisha.
Nilidhani zote zimeisha."
Akavuta kiti, akanisogezea pilipili.
"Kumbe ilikuwa rangi nzuri."

Usiku feni ilizunguka,
ikikohoa kila ikielekea dirishani.
Nasri alikuwa amerudi kitandani.
Gauni nimelitundika msumarini, linapepea,
Jumatatu nitakwenda nalo kazini.

Simu ikawaka. Zamda, safari hii si kwenye kundi,
kwangu peke yangu:
"Shoga, umelala?
Ile ya zambarau, ya harusi ya Tatu,
wewe bado inakutosha?"