Siki

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Septemba,
shayiri ikishavunwa huko Jutlandi,
alivaa buti, akaziba masikio kwa spika zake,
akatembea mbele na nyuma juu ya mabua
kama mtu aliyeangusha ufunguo.

Mashine ikilia, alipiga goti.
Kizibo cha bia.
Msumari. Kizibo tena. Kipande cha plau.
Kisha siku moja, kwa Thorkild, kando ya mtaro,
kiduara chembamba kama gamba la samaki,
cheusi, kimegandwa na udongo,
na ndani ya udongo, alisema, yumo mfalme.

Yumo. Nami nikataka kumtoa.

Nilikuwa na miaka saba na Jumapili nzima mkononi.
Baba kalala. Nikachukua siki, chumvi
na mswaki wa mama,
nikasugua kama anayesugua sufuria ya wageni.
Povu likawa kijani, kisha kijivu.
Taji likaenda. Pua ikaenda.
Herufi zikatoka mojamoja, bila kuaga,
mpaka nikabaki na kitu king'aacho
kama jino jipya,
kisicho na mtu.

Nikamwamsha nimwonyeshe.

Alikigeuza. Akakigeuza tena.
"Kimetakata," akasema,
akaenda kuchemsha kahawa.

Leo nimeyafungua makasha yake.
Bahasha mia nne na ushei, mwandiko wa penseli.
Nafanya alivyonifundisha baadaye:
maji ya mvuke uliopozwa, usiku kucha;
mwiba wa waridi, si sindano;
shaba ilale katika mafuta ya zeituni,
miezi, usiihesabu.
Na udongo ukikataa, uache.
Huenda udongo ndio ulioishika sura.

Bahasha ya mia mbili na sita ni nyepesi.

*Fedha. Shamba la Thorkild, hatua tisa toka mtaroni.
Mfalme: hajulikani.
Makumbusho: wamekirudisha.
Aliyekisafisha: Birte, miaka saba.*

Na tarehe. Na kwamba mvua ilikuwa ikinyesha.

Nakitia kiganjani. Bado kinang'aa,
ila ukingoni weusi umeanza kurudi
wenyewe, polepole, kama nyasi.
Kitambaa kipo mezani. Sikishiki.
Nakirudisha kwenye bahasha
na alama ya kidole changu juu yake.