Hatuna Bahari

Tangi hili sikulinunua.
Ödön, mpiga tarumbeta, aliniletea mabuti matatu:
jozi moja, na moja la mguu wa kushoto, pweke.
Nikayapiga soli yote.
Siku ya kulipa akaja anasukuma mkokoteni:
kioo, changarawe, taa, samaki kumi na mmoja.
"Pesa sina," akasema. "Hawa wanakula kidogo."

Nikaliweka dirishani, liwe pambo.
Dirisha langu linatazama magharibi,
na jua la Pécs mwezi wa Juni halina adabu.
Wiki ya tatu kioo kikaota ukoga
kama meno ya mtu aliyesusa mswaki,
mawe yakavaa manyoya ya kijani,
samaki nikawajua kwa mikia tu.

Zsombor wa soko la Jumapili, auzaye
skrubu, kasuku na betri zilizochoka,
akanipa konokono watano katika kopo la haradali.
"Wape muda. Na dawa yenye shaba usiwatilie, utawaua."
Mimi, ambaye nusu ya misumari yangu ni shaba,
nilinawa mara mbili kabla ya kuwagusa.

Asubuhi nikakuta njia.
Nyembamba, safi, imepinda kioo kizima
kama mstari wa chaki ninaouchora juu ya ngozi
kisu kisijepotea.
Ndani yake niliona jicho la samaki,
kisha mtaa,
kisha Bibi Hajnalka akishuka kilima,
viatu vya kutengeneza kwapani.

Wasemao mwenda pole hajikwai
hawajafuga konokono.
Huyu wa mistari, niliyemwita Basi la Saba,
huporomoka kutoka juu karibu kila usiku,
akalala chali, mguu wake mmoja ukiitafuta dunia,
asiweze kujipindua.
Natumbukiza mkono hadi kiwiko, namgeuza.
Sekunde mbili.
Asipokuwapo wa kuzitoa, basi.

Mwingine alitoroka mwezi wa Agosti.
Nilimkuta ndani ya kiatu cha bwana harusi,
kule vidoleni, amejifungia mlango wake.
Kiatu nikakipangusa, nikanyamaza.
Ndoa ile ina mwaka wa nne sasa, haijavuja.

Maji yetu yalikuwa laini mno, yakawala magamba,
hata mgongo wa Basi la Saba ukatoka baka jeupe.
Zsombor akamnyang'anya kasuku mfupa wa ngisi,
nikauzamisha pale kwenye kona:
kipande pekee cha bahari humu dukani.

Maana hilo ndilo wanalolikosa.
Wametaga kila mahali,
nukta nyeupe, ngumu, kama ufuta juu ya mkate.
"Utafurikwa!" Bibi Hajnalka akapiga kelele.
Sitafurikwa. Watoto wao wanataka chumvi,
wanataka mahali mto unapogombana na bahari,
na sisi hatuna bahari,
tuna ziwa tunaloliita bahari tukiwa tunajisifu.
Mwanzoni niliyakwangua kwa kisu cha ngozi.
Wakataga tena, palepale.
Sikwangui siku hizi.

Januari, theluji ikiwa imefika kizingitini,
Ödön alikuja na noti ndani ya bahasha.
"Deni liliisha," nikamwambia,
"ila buti lako la kushoto bado liko rafuni. Mwenzake hujampata?"
Akachutama mbele ya kioo.
"Hakuwa naye," akasema. "Kaka yangu alikuwa na mguu mmoja.
Tangi lilikuwa lake.
Alianguka usiku, bafuni. Mimi nilikuwa napiga harusi, mbali."

Sikuwa na la kusema, na gundi ilikuwa inakauka.
Basi la Saba alikuwa chali tena, karibu na mfupa.
"Mgeuze wewe," nikamwambia.
Akavua saa. Akakunja mkono wa koti,
taratibu, mkunjo juu ya mkunjo.