Meno ya Ufunguo

Duka langu liko Kapana, mjini Plovdiv.
Kapana maana yake mtego: vichochoro vilivyosukwa
hata mgeni akiingia na viatu vipya
hutoka kisigino kimekwisha.
Nachonga funguo. Baba mkwe aliniachia mashine,
kiti kimoja, na neno moja:
mteja akiinama kwenye pochi, wewe geuza uso.

Jumanne mpwa wangu Yasen akaninyooshea simu.
"Shangazi, Tsvetomira wa saluni kapata nyumba."
Picha: kiganja, kucha za zambarau,
na juu yake ufunguo, unang'aa kama jino la mtoto.
Chini kaandika, "Hatimaye, changu!"
Watu mia tatu na kumi na wawili wamempa moyo.

Mimi sikuona kiganja.
Niliona tatu, tano, mbili, mbili, nne.

Msinilaumu. Mshonaji hapishani na koti
bila kukagua pindo.
Nikachukua shaba, nikawasha mashine,
krii, krii, unga wa manjano ukanijaa mapajani,
na chai haijapoa tayari nilikuwa nao,
pacha wa ufunguo nisioupata kuugusa.

Mengine alinipa mwenyewe, picha kwa picha:
paka dirishani, na nyuma ya paka
msalaba wa kijani wa duka la dawa ninalolijua;
kisanduku cha barua, ghorofa ya nne;
mbwa aliyekufa yeye akiwa darasa la pili, na jina lake
("Nywila hiyo," Yasen akacheka, "naapa");
na Alhamisi, tiketi ya basi la Burgas:
"Siku tatu baharini, msinitafute!"

Haja ya kumtafuta iko wapi?

Ijumaa nilipanda ngazi. Nasema kweli, nilipanda.
Nikasimama mlangoni pake, ufunguo mfukoni
wa moto kama kiazi.
Ndani paka alilia.
Nikashuka.

Jumapili akarudi, pua imebabuka kwa jua.
Nikamwekea ufunguo juu ya meza ya saluni,
kati ya mkasi na chanuo.
"Badilisha kufuli, mwanangu. Nitakufungia mimi, bure."
Nilingoja asante.
Akasema, "Nani alikuruhusu?"

Kufuli jipya alilinunua kwa Dobri,
ng'ambo ya mto Maritsa. Haki yake.

Nani aliniruhusu?
Nimelala na swali hilo kama jiwe chini ya godoro.
Maana kwenye droo yangu kuna daftari,
miaka thelathini na mmoja, wino wa bluu:
jina, mtaa, meno. Jina, mtaa, meno.
Kila aliyepoteza ufunguo akaja anahema
nilimfungulia ukurasa, nikamchongea,
akaniita malaika.
Siri ya mtungi aijuaye kata, sawa;
hakuna aliyeuliza kata inalala wapi.

Droo yangu walau naijua, imebonyea kona ya kushoto.
Ile ya simu iko nchi gani?
Nani ana zamu ya usiku huko,
na mteja akiinama, yeye hugeuza uso?

Jana mvua ilizuia wateja.
Nikafungua jiko la kuni, nikachana kurasa.
Mzee Haralampi, mtaa wa nyuma ya msikiti,
alishika moto polepole, ananuka mafuta ya mashine.
Wengi niliowachoma ni marehemu,
na milango yao ina watu wengine.

Kisha nikampa Yasen simu yangu.
"Na mimi nifute. Harusi, nyonga niliyopasuliwa, vyote."
Ikauliza: una uhakika?
Ndiyo.
Una uhakika kweli? Marafiki zako watakukosa.
Ndiyo.
Ikasema itanifuta baada ya siku thelathini,
nisipobadili nia.

Daftari lilichukua dakika kumi.