Kijiti cha Oili

Muyeye, kabla jua halijakolea.
Korona ya marehemu naiweka D:
inawaza kwanza. Moja, mbili, tatu,
ndipo inashtuka, kama aliyeitwa usingizini.
Rivasi inashika bila maneno.

Injini ingali inanguruma, navuta kijiti,
nafuta kwa kipande cha leso, nachovya tena.
Kiwango kipo. Lakini rangi!
Ilipaswa iwe nyekundu ya mabuyu;
hii kahawa tungu, yanuka mkate ulioungua.

Fundi Mbaruk alisema giaboksi ishushwe, elfu themanini.
Hakuinama hata kunusa.

Kadibodi niliyoitandika jana ni kavu.
Haivuji, basi. Imechoka kwa ndani,
miaka kumi na moja oili ile ile,
na kuchoka huko nakujua.

Nazima. Kesho lita nne, na chujio.
Ikikataa, Mbaruk na aje,
ila anuse kwanza.